Wadau naombeni ushauri: joho la Kimoroko (jellaba) la baridi kali nichukue la aina gani?

Mkinga wa Fes
Habari za saa hizi wadau. Mimi nipo Fes, Moroko, nasoma. Nataka jellaba, lile joho refu lenye kofia ya ncha inayoning'inia mgongoni, liwe la baridi kweli sio la kuvalia sikukuu. Nimezunguka maduka ya mji mkongwe wiki nzima nimechanganyikiwa, kila muuzaji anakwambia hii sufu safi, ukishika moja laini kama blanketi la dukani, nyingine inawasha kama gunia. Kuna moja ya kahawia yenye mistari nimeipenda. Bajeti haizidi dirhamu 800. Nachaguaje? Nina haraka kidogo, kuna mtu anasafiri.

Fundi Cherehani
Usisikilize mdomo wa muuzaji. Omba uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, uwashe kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, inabaki majivu unayasaga kwa vidole, na ukiondoa kiberiti moto unakufa wenyewe. Akriliki inayeyuka inakuwa kishanga kigumu. Akikataa kukupa uzi mmoja ondoka hapo.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Mwanangu umenikumbusha joho la babu yangu Unguja, jeusi lenye zari pindoni, akilivaa Idi na harusi tu, juu ya kanzu, na bibi akilitia udi siku mbili kabla. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kuligusa. Alipofariki likagombaniwa mpaka likachanwa, naona uchungu mpaka leo. Chukua lenye zari mwanangu, nguo ni heshima.

Mdau wa Atlas
Bi Mkubwa samahani, zari haizuii baridi. Nimekaa Ifrane miaka miwili, theluji naijua. Huko milimani wanaovaa jellaba kila siku, wachungaji na wakulima, wanavaa nzito ya sufu iliyofumwa kwa mkono, rangi ya kondoo mwenyewe, na mji wa Ouezzane unasifika kwa hizo. Mtu atakuletea bzioui, inatoka Bzou, uzi mwembamba kazi safi bei inatisha, lakini hiyo ni ya kifahari, usidhani ghali ndio joto. Na chukua pana maana ndani utavaa sweta. Ila ndugu swali moja. Huu ni Mei, Fes inaelekea kwenye joto la kukaukisha koo. Baridi gani unayoikimbia?

Mkinga wa Fes
Sio ya kwangu mkuu. Ni ya mzee wangu, yuko Makete. Mwezi wa sita na wa saba kule barafu inalala shambani, asubuhi majani ya viazi yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Jamaa yangu anaruka kwenda Dar tarehe 28 nataka ambebee.

Mwinjilisti J
Mzee wako ni Mkristo? Maana kule wengi Walutheri. Avae joho la Waarabu na kofia yake kanisani watu watasemaje, utamwingiza mzee kwenye maneno uzeeni.

Mdau wa Atlas
Mwinjilisti hiyo nguo ni ya baridi ya milimani, Waamazigh wanaivaa, hata Wayahudi wa Moroko walikuwa wakiivaa. Tusimtoe mtu kwenye swali lake.

Nesi wa Zamu
Mimi nina swali lingine. Kwa nini joho na sio koti? Koti zito Mbeya mnadani lipo, bei ndogo, halipandi ndege. Mzee anavaa mwenyewe au anavishwa? Anakaa wapi muda mwingi?

Mkinga wa Fes
Koti anayo mawili. Tuongelee joho tu dada.

Nesi wa Zamu
Kaka sikuhoji kwa ubaya. Jibu lako linabadilisha nguo ya kununua.

Mkinga wa Fes
Haya. Alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa kumi. Upande wa kushoto umelegea, mkono hauinuki kufika hata begani. Makoti hayavai, zipu haiwezi, mama akimlazimisha mkono analia na hajawahi kulia mbele ya mtu. Anashinda jikoni pembeni ya moto kajifunika khanga za mama. Nikaona jellaba haina zipu wala vifungo vya kuhangaika, mtu anaingia tu. Na niseme ukweli, ile ya kahawia nimeshaitolea arabuni, dirhamu 300 kwenye 750, hairudi. Kwa hiyo ushauri wa kuniambia niache siutaki, nataka kujua tu kama ni sufu ya kutosha.

Nesi wa Zamu
Pole sana. Lakini jellaba inaingizwa kichwani, lazima mikono yote miwili ipande juu. Huo mkono usiopanda unaupitishaje? Utakuwa umemnunulia koti la tatu.

Mkinga wa Fes
Mikono yake mipana. Na kifuani ina mpasuo. Mama atazoea.

Mtoto wa Lushoto
Baba yangu naye alipooza tukamnunulia godoro, redio, kila kitu, alichotaka ni sisi tukae naye. Uza hilo joho panda ndege nenda nyumbani. Mzazi havai zawadi, anavaa watoto wake.

Mkinga wa Fes
Tiketi unanikatia wewe? Nina mitihani Juni, nikiikosa udhamini unakatika. Miaka minne sijarudi, unadhani silali nikihesabu? Akinipigia anauliza "huko baridi ipo?", mimi ndio anaonihurumia.

Kijana wa Kariakoo
Wakubwa hii ni chai. Kwanza la kwake, halafu la mzee, halafu mzee mgonjwa, stori imebadilika mara tatu kwenye uzi mmoja. Na Moroko ni jangwa, sufu nzito ya nini huko? Subirini tu, mwisho ataweka namba ya simu auze majoho.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Kweli na mimi nilishtuka hapo pa haraka haraka. Mjini kuna watu.

Mdau wa Atlas
Kijana, joto la chini kabisa kupimwa Afrika, nyuzi 23.9 chini ya sifuri, lilipimwa hapo Ifrane mwaka 1935. Sio mbali na Fes. Jangwa liko ng'ambo ya milima. Kuhusu mzee wake mimi simjui, lakini hapa hajamwomba mtu hata mia.

Mkinga wa Fes
Kijana sikuchukii. Sikusema mwanzo kwa sababu ukiandika "baba yangu kapooza" watu wanakupa pole, na mimi pole ninazo za kutosha, nilitaka mtu aniambie kuhusu nguo. Kipimo ninacho, mama alimpima kwa kamba ya katani mabega mpaka kwenye kifundo cha mguu, akahesabu shubiri zake, mimi nikatafuta dada mwenye mkono wa saizi ya mama hapa hosteli tukahesabu. Amini usiamini.

Fundi Cherehani
Kamba na shubiri, huyo hatungi. Ulishachoma uzi?

Mkinga wa Fes
Nimetoka huko sasa hivi. Umeyeyuka. Kishanga.

Nesi wa Zamu
Na mzee anashinda pembeni ya moto. Hiyo ikipata cheche moja inayeyuka na kumgandia mwilini, na upande uliolegea anaweza asisikie mapema. Hapana kaka. Hapana kabisa.

Mdau wa Atlas
Sikiliza. Muulize huyo muuzaji selham, ndio burnusi. Haina mikono, iko wazi mbele yote, ina kofia, inafungwa kifuani. Unamtupia mabegani akiwa amekaa, mkono mbovu hauguswi. Za sufu zipo. Ile arabuni yako usimdai pesa, mwambie ihamie kwenye nguo nyingine, msimu wa sufu umepita, anataka kuuza.

Nesi wa Zamu
Hiyo ndiyo. Na siku akivaa chochote chenye mikono, mkono mbovu unaanza kuingia, kuvua unatoka wa mwisho. Mwambie mama. Na hata kama ni sufu, pindo lisiburuze kwenye mafiga.

Mkinga wa Fes
Amekubali kuhamisha. Burnusi ya sufu nyeusi, uzi umebaki majivu, bei 900, 100 ya juu nitaitafuta. Shida kifungo cha kifuani ni kidogo cha hariri, wa mkono mmoja hakiwezi. Nimemwomba aweke kitanzi kikubwa na kifungo cha mti upande wa kulia, kasema nirudi Jumamosi maana Ijumaa wanafunga. Fundi, kitanzi kiwe upana gani ili kidole gumba peke yake kikisukume?