Kila jioni naingia kibanda umiza badala ya kwenda nyumbani. Naombeni ushauri

Mtunza Stoo: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 36, mke na watoto wawili, nafanya kazi stoo ya vifaa vya ujenzi Mbagala. Nikitoka saa kumi na mbili nanyoosha kibandani. Natoa mia tano, nakaa kwenye benchi la ubao, pazia jeusi linashushwa, sauti ya DJ anayetafsiri sinema inaanza, na mabega yangu yanalegea. Simu naizima. Nikifika nyumbani saa nne, watoto wamelala.

Juzi mke wangu kaniambia, "Baba Junior, unatukimbia." Imeniuma sana. Sinywi, sibeti, sina mchepuko. Kupumzisha akili nako ni kosa?

Mama Lishe Temeke: Pole kaka. Haki ya kupumzika unayo. Mimi nikifunga biashara naweka taarab huku naosha masufuria, na bila hiyo nusu saa ningeshaumwa. Lakini wanangu wapo pembeni, wananiona.

Msoma Saikolojia: Hiyo huitwa eskapizimu: akili kuhama kwa muda kutoka kwenye jambo linaloielemea. Yenyewe si ugonjwa. Bao, kahawa barazani, ngano za usiku, vyote vimewatua watu mizigo. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipoingiza uraibu wa michezo ya video kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, halikuweka idadi ya saa. Linaangalia kama umeshindwa kujizuia, kama mchezo umetangulia mambo mengine yote, na kama unaendelea huku maisha yanaharibika, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Sinema haimo humo, ila maswali hayo jiulize.

Mzee Kigoda: Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Anayepumzika tu hana haja ya kuzima simu saa nne nzima. Nani anakupigia?

Mtunza Stoo: Shikamoo mzee. Umenishika pabaya. Mwezi wa pili mtoto alilazwa, nikachukua mkopo wa kausha damu. Rejesho ni kila siku na nimechelewesha. Meseji zao huingia jioni. Mke hajui.

Mzee Kigoda: Marahaba. Basi sinema tusiisingizie. Mwonyeshe mama watoto hizo meseji leo hii, kabla hawajaja kumgongea mlango wewe ukiwa gizani kwenye benchi. Kibandani nenda Jumamosi, na simu iwe imewashwa.

Mama Lishe Temeke: Atakasirika, usikimbie tena. Mwache aseme mpaka amalize.

Mtunza Stoo: Wakuu, narudi na mrejesho. Nilimpa simu akasoma zote, kimya. Kisha akachukua daftari la mtoto akaanza kupiga hesabu. Kumbe zamu yake ya upatu ni mwezi ujao. Bado ana hasira na mimi. Leo nimefika saa moja kasoro, mdogo alikuwa bado anakula, akanisogezea sahani yake.