Sare lazima duka moja, na duka lenyewe halina saizi. Wazee wenzangu nishaurini

MamaWawili_Mwera
Asalaam aleikum jamani. Naomba ushauri, tena wa kweli, si wa kunipoza.

Wanangu wawili wanasoma skuli binafsi hapa Unguja, jina naliacha. Mwaka huu tulipokwenda kulipa ada ya Januari tukapewa karatasi: sare zote zinunuliwe duka fulani la mjini, na iliyoshonwa kwengine haitokubaliwa getini. Zamani tulikuwa tunaambiwa rangi tu. Unakwenda Mchangani, unachagua kitambaa, unampelekea fundi wako, basi.

Bei zao: juba la binti wa darasa la tano 42,000, ushungi 9,000, shati la mdogo wake 22,000, suruali 28,000, nguo za michezo 38,000. Na kila mmoja anataka jozi mbili, maana kwa joto hili la kaskazi humrudishi mtoto skuli na nguo ya jana. Fundi wangu kanambia juba lile lile angenishonea kwa 25,000, kitambaa humo humo. Na Ramadhani ipo mlangoni, baada yake nguo za sikukuu.

Bei peke yake ningeimeza. Linalonikera khasa ni kwamba duka halina saizi. Suruali ya mwanangu naambiwa "njoo wiki ijayo", na wiki ijayo ikifika naambiwa mzigo bado uko Dar. Huku mtoto anaandikwa jina getini kwa kuwa hana sare kamili. Binti kapewa juba linaloburura chini, eti atakua. Shati limefumuka kwapani mwezi haujesha, kulirudisha naambiwa sare ikishavaliwa hairudi. Skuli wanasema hayo ni mambo ya duka, duka wanasema hayo ni masharti ya skuli.

Baba watoto anasema tunyamaze, watoto wasije wakaandamwa. Hilo hata mie linanitia hofu. Nifanyeje?

KibandaMaiti_Damu
Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tangu Septemba 1964. Warudisheni skuli ya Serikali, kitambaa cha sare yao kipo kila pembe ya Darajani. Mmekwenda wenyewe kwenye ada, sasa mnalia na shati.

Shoga_wa_Jangombe
@KibandaMaiti_Damu mtu kaja na jino linauma wewe unamwambia akate kichwa. Hajauliza skuli gani ni nzuri.

Dada Mwera, usende peke yako. Ukienda peke yako wewe ni "yule mama mgomvi", mkienda kumi nyinyi ni wazee wa skuli. Lile kundi la WhatsApp la darasa si la kupeana pole na picha za keki tu. Andika humo uulize nani kakosa saizi na nani limemfumukia. Utashangaa watu walivyonyamaza kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

FundiCherahani
Mie fundi, nna miaka na miaka na sare, acha niseme la ufundi.

Nguo za dukani zinakatwa kwa wingi, na mwenye kukata kwa wingi anabana kitambaa. Geuza hilo juba ndani utazame mshono: utakuta kilichobaki ni upana wa ukucha, kimepitishwa ovaloki, ile mashine ya kuzuia nyuzi zisitoke, basi. Mtoto akinenepa kidogo hakuna pa kufungua, akirefuka hakuna pindo la kushusha. Sisi tunaacha pindo la vidole vinne kwa chini na akiba ubavuni, juba la darasa la tano linamfikisha mpaka la sita. Kwa hiyo bei usiitazame kwa siku ya kununua tu, tazama nguo itavaliwa muda gani.

Jengine ni kitambaa. Hivyo vya bei rahisi vingi ni poliesta tupu. Haikunjiki, inakauka upesi, lakini haipitishi upepo na mtoto anarudi mgongo umerowa. Kwa shati tafuta mchanganyiko wenye pamba. Kama duka halisemi ni kitambaa gani, chukua uzi mmoja wa pembeni uuchome kwa kibiriti: pamba inageuka jivu, poliesta inayeyuka na kuwa tone gumu. Mchanganyiko utatoa vyote viwili.

Na hilo la kwapani si la kurudisha, ni la kushona. Niletee au mpelekee fundi yeyote atie kipande kidogo cha kitambaa pale kwapa linapokutana na ubavu. Halifumuki tena.

MwenyeDuka_Mlandege
Naona tunapigwa tu. Mie si duka linalosemwa, lakini nishawahi kuchukua kazi ya skuli moja. Mnajua hasara yake? Skuli inataka saizi zote ziwepo tangu la kwanza mpaka kidato cha nne. Pesa nimeweka mimi. Januari wanakuja watu mbio wiki mbili, saizi ya kati inakwisha, ndogo sana na kubwa sana zinabaki rafuni mwaka mzima. Skuli ikibadili rangi, mzigo wote huo nimpelekee nani? Na kitambaa nakifuata Kariakoo, robota likija la rangi iliyozidi kidogo skuli wanalikataa.

Ila sare iliyofumuka mshono kabla ya mwezi ningebadilisha. Kukataa kuibadilisha si biashara, huo ni ukaidi.

MamaWawili_Mwera
@MwenyeDuka_Mlandege nimekuelewa kaka, hasara ya kuweka mzigo sikuwa nimeifikiria. Lakini basi mtuachie nasi tushone, ubakiwe na wanaotaka cha tayari. Kwa nini iwe lazima?

MwenyeDuka_Mlandege
Kwa sababu isipokuwa lazima mtu haweki mtaji. Nasema ukweli. Na mengine yanayopita baina ya duka na skuli siyasemi hapa.

Shoga_wa_Jangombe
Umeshayasema.

Mwalimu_Mstaafu
Wanangu, nilikuwa mwalimu mkuu, nataka muone na upande wa pili. Tulipowaachia wazee rangi tu, ubaoni tuliandika "buluu". Asubuhi kwenye mstari ukitazama unaona buluu ya bahari, buluu ya wino, moja imechuja imekuwa kijivu. Mwenye uwezo anamshonea mwanawe kitambaa cha kung'aa na vifungo vya dhahabu, jirani yake kavaa la kaka yake. Sare kazi yake ni kufuta tofauti ile, na hapo ilikuwa inaizidisha.

Lakini dawa yake haikuwa duka moja. Tulikata vipande vya kitambaa, tukavibandika kwenye kadi, kila mzee akapewa kadi yake aende nayo dukani kulinganisha. Nembo tukaziweka ofisini, zinauzwa peke yake. Fundi yeyote anashona, nembo inatoka skuli. Malalamiko yakapungua sana. Bi Mwera, mwende na pendekezo hilo mkononi. Mwalimu mkuu akiletewa malalamiko matupu anajihami, akiletewa njia ya kutokea anasikiliza.

Na la mtoto kuandikwa getini ilhali duka lenyewe halina saizi, hilo mwambieni waziwazi ni dhulma. Ombeni barua ya muda, mtoto apite getini mpaka sare ipatikane.

Tunguu_Kwetu
Naongeza la sheria kidogo. Zanzibar tuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ipo chini ya Sheria Namba 5 ya 2018, na kumlinda mtumiaji ni katika kazi zake. Msianze nayo. Anzeni kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya skuli, kisha Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Lakini popote mtakapofika mtaulizwa ushahidi. Ile karatasi ya masharti itunzeni, mpige picha. Na kila mkinunua daini risiti ya kielektroniki ya ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Bila ya risiti, hilo shati lililofumuka hakuna wa kuthibitisha kuwa limetoka dukani mwao.

MamaWawili_Mwera
Risiti niliyopewa ni kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono, hata jina la duka hakina.

Tunguu_Kwetu
Basi rudi ukadai. Kabla hujazungumza habari ya shati, zungumza habari ya risiti. Utaona watakavyokuwa wapole.

Mpemba_wa_Wete
Nyinyi wa mjini mna raha, mnaweza kwenda dukani mkarudi. Mie niko Wete, mwanangu yuko tawi la Chake la skuli yenye makao Unguja, na duka la sare ni hilo hilo moja, liko huko kwenu. Natuma vipimo kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye boti, naufuata Mkoani. Ukija suruali ya kiuno kikubwa, kuirudisha nilipe tena, kusubiri juu. Mafundi wamejaa Wete hapa wanacheza bao.

Mwalimu, hiyo ya kadi na nembo inanifaa mie kuliko nyote.

BabaKhairat
Sisi tulifanya jambo dogo: mabadilishano. Mwisho wa mwaka kila mzee analeta sare iliyombana mtoto lakini bado nzima, anachukua ya saizi ya juu. Imefuliwa, imepigwa pasi, hakuna anayejua ya nani. Kwa duka lisilo na saizi hiyo ndiyo nusura ya Januari. Ushungi tu ndio haukai, unageuka manjano.

MamaWawili_Mwera
Jamani nimerudi na habari.

Niliuliza kwenye kundi kama alivyosema shoga, simu ikawaka moto. Tukenda wazee wanane na baba watoto akiwemo, yule yule aliyesema tunyamaze, na ndiye aliyezungumza sana. Tukafuata maneno ya Mwalimu: kadi ya kitambaa, nembo iuzwe peke yake.

Mwalimu mkuu mwanzo alikuwa mkali. Alipoonyeshwa orodha ya watoto walioandikwa getini kwa kukosa saizi akalegea. Kakubali mashati na suruali zishonwe popote kuanzia muhula wa pili, kwa kitambaa cha kadi, nembo itoke ofisini. Majuba na nguo za michezo kagoma, zinabaki duka lile. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumuuliza mara ya pili. Barua za muda zimetolewa siku ile ile.

Shati nimebadilishiwa. @Tunguu_Kwetu ilikuwa kama ulivyosema, nilipotaja risiti tu wakaleta na kiti nikae.

Shoga_wa_Jangombe
Majuba ndiyo yenye faida, ndiyo maana. Muhula wa pili mrudi tena, na safari hiyo mbebe lile linaloburura.

Mpemba_wa_Wete
Hongera dada. Nembo wameweka bei gani, nikawaambie hawa wa Chake?

MamaWawili_Mwera
3,000 moja. Ya kudarizi, si ya kubandika. Ya kubandika usikubali, inabanduka kufua mara ya kwanza.