Gita la kwanza: nyuzi za chuma au nailoni, na nikague nini kabla ya kulipa?

Mwanagenzi
Wakuu, salaam. Naanza gita kutoka sifuri. Lengo ni kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) huku naimba, mambo ya solo baadaye. Nimepata mawili yaliyotumika: la klasiki lenye nyuzi za nailoni, na gita kavu (lisilo la umeme) kubwa la nyuzi za chuma. La nailoni haliumizi vidole, ila shingo yake ni pana na vidole vyangu ni vifupi. Nikilichukua hilo, naweza kulifunga nyuzi za chuma baadaye? Na nikienda kuyaona, nikague nini?

FundiNyuzi
Nyuzi za chuma kwenye klasiki usijaribu. Seti ya namba 12 (namba ni unene wa nyuzi) huvuta kwa takriban kilo 70, ya nailoni kama 40. Uso wa mbao utatuna, daraja (kibao kinachoshika nyuzi mwilini) litabanduka, na shingo nyingi za klasiki hazina fimbo ya chuma ndani ya kupambana na mvuto huo.

Kwa kodi na kuimba chukua la chuma, ulifunge namba 10 au 11. Shingo yake kule juu ina upana wa milimita 43 hivi, klasiki kama 52. Maumivu yataisha vidole vikiota sugu.

Nenda na rula. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: uzi mnene uwe kama milimita 2.5, mwembamba kama 2. Ukikuta 4 kwenye gita la chuma, utateseka. (Klasiki ikiwa na 4 na 3 ni kawaida.)

Halafu kuna mahali wengi hawapaangalii: kile kijipande chenye mifereji ya nyuzi, shingo inapokutana na kichwa. Bana uzi kwenye freti ya 3, chungulia nafasi iliyobaki juu ya freti ya 1. Karatasi ipite kwa shida. Nafasi ikiwa kubwa, mifereji haikuchimbwa vya kutosha: kodi ya F itakugomea, na noti za freti za mwanzo zitapanda hata kama umetyuni vizuri, maana kila ukibana unauvuta uzi. Mwanafunzi analaumu vidole vyake bure. Fundi mwenye tupa nyembamba anaimaliza upesi, lakini asizidishe. Mfereji ukizama sana, uzi mtupu utakwaruza freti ya 1.

Besi4
Kwa kuwa yametumika, niongeze. Bana uzi wa sita (ule mnene kabisa) kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, tazama freti ya 7. Pawe na upenyo mdogo sana. Uzi ukilala kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume. Pakiwa wazi sana, imepinda mbele. Yote mawili hurekebishwa kwa fimbo ya shingo, robo mzunguko kwa wakati. Shingo iliyojisokota ni habari nyingine, hiyo iache hapo hapo.

Chomeka kona ya karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia.

Piga kila uzi kwenye kila freti. Freti moja tu ikikwaruza, inayofuata imeinuka. Mwisho, linganisha kwa tuna (kifaa cha kupimia noti) noti ya freti ya 12 na ule mlio wa kengele wa kugusa uzi bila kuubana, juu ya freti hiyo hiyo. Zilingane. Nyuzi zenye kutu hudanganya kipimo hiki, usihukumu gita kwazo.

Mwanagenzi
Nimeelewa. Na vidole vifupi?

KapoMbili
Kwa upande wangu ningekupa la nailoni, maana miezi ya mwanzo ndiyo watu huacha. Lakini kama moyo uko kwenye chuma, fanya hivi: shusha nyuzi zote toni moja, kisha weka kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) freti ya 2. Sauti inabaki ile ile ya kawaida, nyuzi zinalegea, na freti unazobana zinakaribiana. Ukishazoea, toa kapo na uzipandishe nyuzi tena.

Urefu wa vidole wala usikutishe. Kaa nalo kwanza: mwili mnene ukikuinua bega la kulia, tafuta lenye mwili mdogo zaidi.