Kilima cha mikarafuu kinanitoka kama mkeka wa kijani, nakosea wapi?

Binti wa Wete: Asalaam alaykum. Mie mgeni wa rangi, nna miezi miwili tu. Nyuma ya kwetu kuna kilima cha mikarafuu na minazi, bondeni mpunga. Nimekichora mara tatu kwa rangi ya akriliki, kila mara kinatoka kama mkeka uliotundikwa ukutani. Na miti kama mabumunda. Nisaidieni.

Fundi Brashi: Waalaykum salaam. Bila shaka hicho kijani umekipaka kama kilivyotoka kwenye chupa. Kitie nyekundu kidogo tu, kitatulia. Kivuli usikitie nyeusi, kitie buluu. Halafu anza nyuma uje mbele: mbingu, kilima cha mbali, cha karibu, miti mwisho. Cha mbali kizidishie nyeupe na buluu, maana hewa iliyo kati ndiyo inayokififisha. Kikiwa kijani sawa na mgomba wa mlangoni kwako, kitakuja kukaa mlangoni.

Wa Darajani: Chora tingatinga, ile michoro ya wanyama ya rangi kali, watalii wananunua 😂

Binti wa Wete: Sikatai, lakini nataka kilima chetu. Twiga Pemba nimewaona wapi?

Mwalimu wa Skuli: Mwanangu, wanafunzi wangu wote wana kosa lako: wanachora jani moja moja. Fumba macho nusu, utazame tena. Utaona mafungu tu, ya giza na ya mwanga. Paka giza kwanza, likikauka gongagonga upande wa jua kwa brashi kuukuu iliyotawanyika nywele. Bakisha vitundu mbingu ichungulie. Na mkarafuu umesimama wima, umeshiba majani mpaka karibu na chini. Mnazi ni shingo ndefu, aghalabu imeinama. Tena kautazame mkarafuu unaochipua: majani machanga yana wekundu. Hiyo nyekundu ya Fundi iko mtini tayari.

Fundi Brashi: Hapo umenena, Mwalimu. Binti, kwa joto letu akriliki hukauka ukigeuka tu. Tandika kitambaa kibichi chini ya rangi zako.

Binti wa Wete: Nimejaribu jioni hii kwenye kipande cha kitambaa cha marekani. Kilima cha nyuma kimerudi nyuma kweli! Kaka yangu kautambua mpaka mkarafuu aliowahi kuanguka. Minazi ndiyo bado, kama mifagio iliyosimikwa.

Mwalimu wa Skuli: Makuti ya chini yainamishe, mwanangu. Umeyasimamisha yote.