Wakaguzi wanakuja kliniki ya meno, bosi anataka nijaze rejista ya otoklevu kwa nyuma

Nesi wa Moro

Wakuu habari za Jumapili. Mimi ni nesi kwenye kliniki binafsi ya meno hapa Morogoro, viti viwili, dokta mmoja na tabibu mmoja. Tumepigiwa simu kwamba wakaguzi watapita wiki hii, siku hawakutaja. Vifaa tunatakasa kila siku, otoklevu (ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) naiwasha mimi mwenyewe. Shida ni rejista: imejazwa mpaka mwezi wa tatu, baada ya hapo kurasa nyeupe. Bosi kaniletea kalamu za rangi mbalimbali, anasema nikae nijaze mpaka leo, nibadilishe wino isionekane imeandikwa kwa mkupuo. Sahihi inayotakiwa ni yangu. Nifanyeje? Na wakifika wanaangalia nini hasa? Eksirei pia tunayo, ile ndogo ya ukutani.

Mzee wa Koleo

Dada, hizo kalamu mrudishie mwenyewe. Mimi ni tabibu wa meno mstaafu, na nilikuwa naongozana na timu ya halmashauri kwenye ukaguzi, kwa hiyo nakupa ya upande wa pili wa meza.

Rejista ya kutunga wino hauiokoi. Inajulikana kwa kunyooka kupita kiasi: kila siku nyuzi 121, dakika 15, hakuna siku mashine imegoma, hakuna siku mpira wa mlango umevujisha mvuke. Tulikuwa tunamuuliza mtu, siku hii umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi, jenereta huna, hii mizunguko mitatu uliipikia kwenye mkaa? Anabaki kuangalia dari. Kutoandika ni kasoro, utapewa muda urekebishe. Kughushi ni kesi nyingine kabisa, na leseni itakayoulizwa Baraza la Uuguzi na Ukunga ni yako, bosi hana yake kule. Piga mstari chini ya tarehe ya mwisho, andika kwamba kumbukumbu za kipindi hicho hazipo, anza na leo.

Sasa uliloliuliza la pili, ndilo kubwa. Mkaguzi anayeijua kazi anaanza na droo, makaratasi baadaye. Atachagua pakiti moja ya koleo la kung'olea meno, aifungue, alipanue koleo atazame kwenye kiungio. Damu hujificha hapo. Akikuta weusi umeganda, rejista yako hata ingekuwa na muhuri wa wizara haikusaidii. Kisha atahesabu hendipisi, zile za kuchongea jino. Mnazo ngapi? Maana kitabu cha wagonjwa kikionyesha mmeziba meno ya wagonjwa kumi asubuhi moja, hendipisi ziko mbili, na otoklevu kupika, kukausha mpaka kupoa inakula karibu saa nzima, hesabu inagoma yenyewe. Kliniki nyingi zinanaswa hapo. Wanaipangusa kwa spiriti na kumchongea mgonjwa anayefuata, wakati kitu hicho kikisimama kinaweza kuvuta mate na damu kuingia ndani, ambako spiriti haifiki.

Boksi la sindano likifika robo tatu lifungwe, lisishindiliwe. Na ujue utamkimbilia nani ukijichoma sindano: dawa za kukinga VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora. Watakuuliza wewe, si dokta.

Fundi Vifaa Tiba

Mzee kamaliza. Naongezea la tepu, ile inayobandikwa kwenye pakiti za vifaa kabla ya kupikwa. Ile mistari kuwa myeusi inakwambia pakiti imepitiwa na joto, basi. Kujua kama vijidudu vimekufa kuna vichupa vyenye mbegu za bakteria sugu wa joto, unakipika kimoja pamoja na vifaa, mara moja kwa wiki, unaangalia kama wameota. Halafu kama bado mnaloweka vifaa kwenye Jik kabla ya kuosha (ile ya asilimia 3.5, moja kwa sita za maji), jueni mwongozo wa WHO wa 2016 hauipendekezi tena. Sabuni ya vifaa, brashi, glavu nene. Mimi ndiye ninayeletewa makoleo yaliyoliwa na kutu, naona.

Mwenye Kliniki

Mnampoteza dada wa watu. Mimi ninayo kliniki, najua. Leo zimamoto, kesho OSHA wa usalama kazini, keshokutwa watu wa mionzi, halafu halmashauri, kila mmoja na ada yake na fomu yake. Ukikosa karatasi unaandikiwa hata kama kila kitu kinang'aa. Huyo bosi anatafuta kupona tu.

Mzee wa Koleo

Ada nyingi, sibishi. Lakini kama kupona kunatafutwa, na ahatarishe leseni yake basi, asimtumie binti wa watu. Bei ya hendipisi mbili za ziada ingempa usingizi kuliko hizo kalamu.

Nesi wa Moro

Shikamoo Mzee, nashukuru. Nimehesabu, hendipisi zinazofanya kazi ni tatu. Bosi nimemwambia sijazi, kanuna, ila kauliza bei. Kibali cha eksirei cha TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, kipo ukutani, hakijaisha muda. Vile vibeji vya kupima mionzi navyo vipo, vinakaa kwenye droo ya risiti visipotee.

Mzee wa Koleo

Marahaba. Sasa hiyo droo ndiyo inapimwa mionzi, na itasomeka safi kabisa! Kibeji kinavaliwa kifuani muda wote wa kazi, kila mtu na chake, hakiazimwi. Anayepiga picha asimame mbali, mita mbili au nyuma ya ukuta, na asimshikie mgonjwa filamu mdomoni. Ile aproni ya risasi itundikeni. Ikikunjwa inapasuka kwa ndani, na kwa macho huoni.