Naomba ushauri: kito hiki ni garneti au spineli?

Wakuu, mama mdogo hapa Mwanza kaachiwa na marehemu mumewe jiwe jekundu la Mahenge. Mnunuzi anang'ang'ania ni garneti tu, anataka kulichukua kwa bei chee. Roho inaniuma.

Nimelipima kwa sonara: kavu gramu 2.16, likining'inia ndani ya maji 1.56. Limepungua 0.60, na 2.16 gawa kwa 0.60 ni 3.6, yaani ni zito mara 3.6 ya maji. Rubi ni mara 4, hiyo naiondoa. Spineli ni 3.6 barabara, ila garneti nyekundu hazipo mbali, nyingi huanzia 3.7.

Chini ya taa ya kukagulia noti linawaka jekundu kama kaa la moto! Garneti kwa kawaida haiwaki. Je, hilo linatosha, au lazima refraktomita, kile kifaa cha kupima jiwe linavyopinda mwanga? Spineli husoma karibu 1.718, garneti nyekundu nyingi hupita 1.73. Nani anacho kifaa hicho hapa mjini?