Naomba ushauri: mume wangu kakutwa na homa ya ini B

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Mume wangu alikwenda kuchangia damu, akaitwa pembeni na kuambiwa ana virusi vya homa ya ini B. Na mtu mwenyewe mzima, karafuu kachuma kama kawaida! Macho hayana umanjano, mkojo haujawa kama chai ya rangi, wala hatapiki. Daktari kasema wengi hukaa nayo miaka bila dalili huku ini likiharibika polepole, na wengine huishia kwenye saratani. Apimwe tena baada ya miezi 6 ijulikane kama imekuwa sugu.

Mimi nina mimba ya miezi 7 na bado sijapima. Nimesikia mtoto wa mama mwenye virusi achanjwe ndani ya saa 24. Sahani hatujatenga, kula pamoja hakuambukizi. Ila wembe anatumia pamoja na kaka yake!

Sasa mama mkwe kaleta dawa ya mizizi, nami nachelea isije ikaliumiza ini zaidi. Nimkatalieje bila kumvunjia heshima? Na mliojifungua katika hali hii, chanjo ya mtoto mliiulizia mapema wapi?